Kano ya kisigino ikikatika Mafinga: Kisu au hogo?

Ukikaa pembeni ya Uwanja wa Wambi, hapa Mafinga, siku ambayo maveterani wanacheza, kuna tukio ambalo ukiliona mara moja hutalisahau. Winga anapokea mpira akiwa peke yake. Beki wa karibu yuko mita tano mbele. Anakanyaga mguu wa kushoto ili achomoke, mara anaanguka chini. Anageuka nyuma kwa hasira kumtafuta aliyempiga teke. Nyuma hakuna mtu.

Mimi niliona kwa macho yangu, na aliyeanguka ni jirani yangu, mbeba mbao kwenye kiwanda kimoja cha mbao hapa mjini, umri miaka 38. Tuliokuwa karibu tulisikia mlio, kama mtu kavunja kijiti kikavu. Wenzake wakamwagia maji ya baridi, mmoja akauchua mguu kwa nguvu, mwingine akatoa hukumu: "Enka hiyo, imeteguka tu. Wiki mbili uko fiti." Akapandishwa bodaboda, akapelekwa nyumbani.

Kesho yake alikwenda kutibiwa. Akapigwa picha ya eksirei, mifupa ikaonekana mizima, akapewa dawa za maumivu. Wiki ya tano bado anachechemea, hawezi kusimama kwa vidole vya mguu ule hata sekunde moja. Ndipo daktari mwingine akamlaza kifudifudi, akaminya kigimbi, akatikisa kichwa. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika siku ile ile ya mechi. Wiki tano zilikuwa zimepotea, na pamoja nazo ile nafasi ya kutibiwa kirahisi.

Nimeikumbuka stori hii kwa sababu vijiwe vya mpira siku hizi vimejaa mjadala wa jeraha hili. Mwaka 2025 wapenzi wa kikapu walishuhudia nyota watatu wa NBA, Damian Lillard, Jayson Tatum na Tyrese Haliburton, wakikatika kano hiyo ndani ya miezi miwili tu, Haliburton akiwa katika mchezo wa saba wa fainali. Na sisi tuna AFCON ya 2027 tutakayoandaa na wenzetu wa Kenya na Uganda, kila kijana anajifua ili aonekane. Swali la kijiweni ni moja: kano ikikatika, ukapasuliwe au ufungwe hogo? Wapo wanaosema bila kisu hakuna mpira tena. Wapo wanaosema kisu ni biashara ya madaktari. Kila upande una hoja, na kila upande kuna kitu unakisahau.

KANO YENYEWE NI IPI

Shika nyuma ya mguu wako, juu kidogo ya kisigino. Ile kamba ngumu unayoigusa ndiyo kano ya Achilles, jina lililotokana na shujaa wa hadithi za Wagiriki ambaye sehemu pekee ya mwili wake iliyoweza kudhurika ilikuwa kisigino. Ni kano nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini. Inaunganisha misuli ya kigimbi na mfupa wa kisigino. Ukikimbia, inabeba mzigo unaozidi uzito wa mwili wako mara kadhaa. Ukiruka kupiga kichwa, ndiyo inayokurusha. Ukianza mbio ghafla, ndiyo inayokusukuma.

Udhaifu wake uko kati ya sentimita mbili na sita juu ya kisigino. Hapo damu inafika kwa uchache, kwa hiyo michubuko midogo midogo haijitengenezi haraka. Miaka inakwenda, kano inachoka kimyakimya, mwenyewe hajui. Ndiyo maana anayekatika mara nyingi si kijana wa miaka 17. Ni mwanaume wa miaka 30 hadi 40 na kitu, anayekaa wiki nzima bila mazoezi halafu Jumapili anaingia uwanjani kucheza kama zamani. Kwa lugha nyingine, ni sisi maveterani.

Kuna mambo mawili mengine yanayoidhoofisha na watu wengi hawayajui. La kwanza ni sindano za steroidi zinazochomwa kwenye kano kutuliza maumivu. La pili ni dawa za kuua bakteria za kundi la sipro, ambazo huku kwetu mtu ananunua duka la dawa akiumwa tumbo au mkojo kama ananunua peremende. Wataalamu duniani wameshatoa tahadhari kwamba kundi hilo la dawa linaongeza hatari ya kano kukatika, hasa kwa wenye umri mkubwa na wanaotumia steroidi. Ukiandikiwa na daktari, tumia, ila mwambie kwamba unacheza mpira. Na kisigino kikianza kuuma ukiwa kwenye dozi, simama mazoezi urudi kwa daktari.

KIPIMO CHA SEKUNDE KUMI

Kabla ya kubishana kisu na hogo, lazima ijulikane kwamba kano imekatika. Hapo ndipo wengi tunapofeli.

Eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi kano. Kutembea nako si ushahidi kwamba uko salama. Aprili 2013, Kobe Bryant alikatika kano akiichezea Lakers, akatembea mwenyewe hadi kwenye mstari, akatupa mitupo miwili ya adhabu, yote ikaingia, ndipo akatoka. Ukiweza kuchezesha vidole na kukanyaga chini kidogo usijidanganye, maana kuna misuli mingine midogo inayosaidia kazi hiyo.

Kipimo chenyewe hakihitaji umeme wala mashine. Mgonjwa analala kifudifudi, miguu inaning'inia nje ya kitanda. Unaminya kigimbi. Mguu mzima utaona unyayo unasogea, vidole vinaelekea chini. Mguu uliokatika kano unabaki umetulia kama si wa mwenyewe. Linganisha na mguu wa pili, jibu unalo. Ukipapasa utakuta pia bonde, mahali ambapo kamba ilikuwa na sasa haipo. Altrasaundi inasaidia pale daktari anapokuwa na shaka.

Kocha wa ndondo au mwenye begi la huduma ya kwanza anaweza kujifunza kipimo hiki mazoezini leo jioni. Si kwamba awe daktari, bali ajue kwamba huyu si wa kuchuliwa, huyu ni wa hospitali. Kuchua kano iliyokatika hakuiungi, kunaongeza uvimbe na kupoteza siku. Cha kufanya ni kuweka barafu juu ya kitambaa, kuufunga mguu vidole vikielekea chini, kumzuia asikanyage, na kumwahisha.

NJIA TATU ZA KUITIBU

Njia ya kwanza ni upasuaji wa wazi, ambao ndio wa zamani. Mgonjwa anachomwa ganzi ya mgongoni, analazwa kifudifudi. Daktari bingwa wa mifupa anachana ngozi nyuma ya mguu, upande wa ndani kidogo, ili akwepe neva inayopita upande wa nje. Ndani anakuta ncha mbili zilizochanika kama katani iliyofumuka. Anazishona kila moja kwa uzi imara unaokwenda zigizaga, kisha anazivuta zikutane huku unyayo umeelekezwa chini, anafunga. Ni kazi isiyohitaji mashine za mabilioni. Inahitaji mikono iliyozoea, chumba safi cha upasuaji na uangalizi wa kidonda baadaye.

Njia ya pili ni upasuaji wa matundu madogo. Badala ya mchano mrefu, daktari anatoboa sehemu ndogo ndogo na kupitisha uzi chini ya ngozi, wakati mwingine kwa kifaa maalumu cha kuuongoza. Kidonda ni kidogo, kovu ni dogo, hatari ya kidonda kuoza inapungua. Ubaya wake ni kwamba daktari haioni vizuri ile neva ya pembeni. Anaweza kuibana kwa uzi au kuitoboa, na mchezaji akabaki na ganzi pembeni ya unyayo.

Njia ya tatu haina kisu. Mguu unafungwa hogo, au kiatu maalumu chenye vipande vya kuinua kisigino, vidole vikielekea chini ili ncha mbili za kano zikaribiane na kujiunga zenyewe. Kadiri wiki zinavyokwenda, unyayo unarudishwa taratibu kwenye mkao wake. Kazi hii inakwenda wiki nane hivi, kisha mazoezi ya tiba.

Kwa miaka mingi njia ya tatu ilionekana ya wazee, kwa sababu zamani mtu alikuwa anafungwa hogo, anasahauliwa, na kano zilikuwa zinakatika tena kwa wingi. Mambo yalianza kubadilika mwaka 2010, pale madaktari wa Canada walipowafuatilia wagonjwa 144, nusu wakapasuliwa na nusu hawakupasuliwa, ila wote wakaanzishiwa mazoezi ya mapema yaliyopangwa. Tofauti ya kukatika tena ikawa ndogo. Hapo dunia ikaanza kuuliza: kumbe siri ilikuwa kwenye kisu au kwenye mazoezi?

NORWAY WALIAMUA KUPIMA

Jibu bora zaidi lilitoka Norway mwaka 2022. Wagonjwa 554 wa hospitali nne waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine upasuaji wa wazi, wengine wa matundu madogo, wengine bila kisu. Baada ya miezi 12 wakaulizwa na kupimwa: mguu una nguvu kiasi gani, unaweza kukimbia, unaweza kuruka, unauma? Makundi yote matatu yalitoka sare.

Sare hiyo lakini ina maelezo yake ndani, kama mechi ya 0-0 ambayo timu moja imegonga mwamba mara tatu. Kati ya wasiopasuliwa, kano ilikatika tena kwa asilimia 6.2. Kati ya waliopasuliwa, kwa njia yoyote kati ya zile mbili, ilikuwa asilimia 0.6. Geuza upande wa pili: madhara ya neva yalikuwa asilimia 0.6 kwa wasiopasuliwa, 2.8 kwa upasuaji wa wazi, na 5.2 kwa matundu madogo.

Tafsiri yake ni rahisi. Chukua wachezaji 100 wa aina moja. Ukiwafunga hogo wote, kama sita kano itakatika tena na wataanza upya. Ukiwapasua wote, pengine mmoja. Ila kati ya hao uliowapasua, watatu hadi watano watabaki na tatizo la neva, na wengine watahangaika na kidonda. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 2019, uliojumlisha tafiti 29 zenye wagonjwa zaidi ya 15,000, ulionyesha picha hiyo hiyo: kisu kinapunguza kukatika tena, lakini kinaongeza matatizo mengine, hasa maambukizi ya kidonda.

Kwa hiyo wa kijiweni wanaosema "bila kisu hakuna mpira" wamekosea. Na wanaosema kisu ni biashara tu nao wamekosea. Unachagua ni hatari ipi uko tayari kuibeba.

KWA NINI MASTAA WANAKIMBILIA KISU

Kama matokeo ni sare, mbona kila staa anapasuliwa? Kwa sababu kwa staa, ile tofauti ya sita dhidi ya mmoja ni msimu mzima na mkataba mzima. David Beckham alikatika Machi 2010 akiwa AC Milan, katika mchezo na Chievo. Alikuwa na miaka 34 na Kombe la Dunia la Afrika Kusini lilikuwa miezi mitatu mbele. Siku iliyofuata tu alikuwa Finland mezani kwa daktari Sakari Orava. Kombe la Dunia alilikosa, ila Septemba alikuwa uwanjani na LA Galaxy. Christian Benteke wa Aston Villa alikatika Aprili 2014, akalikosa Kombe la Dunia la Brazil, akarudi Oktoba. Laurent Koscielny alikatika Mei 2018, akawatazama Wafaransa wenzake wakibeba kombe, akarudi Desemba.

Hata hivyo kisu hakikupi tarehe ya kurudi. Chukua mfano wa Chelsea mwaka 2019. Aprili alikatika Callum Hudson-Odoi, miaka 18. Mei akakatika Ruben Loftus-Cheek, miaka 23, katika mechi ya hisani kule Marekani. Klabu moja, pesa ile ile, wote walipasuliwa. Hudson-Odoi alirudi Septemba, miezi mitano tu. Loftus-Cheek alirudi Juni mwaka uliofuata, baada ya miezi 13. Akitokea mtu anakuhakikishia mchezaji wenu atarudi "miezi sita kamili", muulize mfano huu.

Na kisu kinaweza kugeuka. Santi Cazorla wa Arsenal alikuwa na tatizo la kano hii, akapasuliwa tena na tena. Bakteria wakaingia. Walikula kano sentimita nane hivi, na ngozi ya mkononi ikabidi ikatwe ikabandikwe mguuni, ikiwa na kipande cha tatuu ya jina la binti yake. Madaktari walimwambia ashukuru akiweza kutembea bustanini na mwanaye. Mwaka 2018 alirudi kucheza Villarreal na baadaye timu ya taifa ya Hispania, lakini njia aliyopita hakuna anayemwombea mwenzake. Ngozi ya nyuma ya kisigino ni nyembamba na damu yake ni haba. Kidonda cha hapo kikichafuka, kazi ipo.

SASA TUJE MAFINGA

Mwenye kano iliyokatika Mafinga hana Orava wa siku ya pili. Anaanzia zahanati au Hospitali ya Mji Mafinga. Akipewa rufaa, Iringa mjini ni kilomita kama 80. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya iko zaidi ya kilomita 200 upande wa pili wa barabara kuu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Kila rufaa ni nauli, ni mtu wa kukusindikiza, ni siku bila kibarua.

Kwa hiyo uamuzi wetu haufanani na wa Beckham, na tusione aibu kusema hivyo. Mimi ningeugawa hivi.

Kijana wa miaka 20 anayetafuta njia ya kwenda Ligi Kuu, aliyewahi hospitali, na anayeweza kufika kwa daktari bingwa: upasuaji una mantiki. Kwake kukatika tena kunamaliza ndoto. Aulize ni njia ipi daktari huyo ameizoea. Upasuaji wa wazi uliofanywa na mtu anayeufanya mara kwa mara ni bora kuliko matundu madogo ya mtu anayejaribu.

Veterani wa miaka 42, anayecheza Jumapili kwa afya, aliyewahi ndani ya siku chache: hogo si tiba ya daraja la pili. Hapa kuna habari njema kwa miji kama yetu. Mwaka 2020 Waingereza walitoa matokeo ya wagonjwa 540 wasiopasuliwa, wengine wakiwa na hogo la kawaida na wengine na kiatu maalumu chenye kuinua kisigino. Baada ya miezi tisa, hali ya miguu yao haikuwa na tofauti ya maana. Kiatu kile ni cha raha zaidi na mtu anakanyaga mapema, lakini usiuze shamba kwa sababu hukukipata. Hogo lililofungwa vizuri, vidole vikielekea chini, linafanya kazi.

Mwenye kisukari, mvutaji sigara wa siku nyingi, mwenye miguu isiyopitisha damu vizuri, anayetumia steroidi: huyu kisu kina hatari zaidi kwake. Aanze kwa kumweleza daktari hayo yote bila kuficha.

Na yule mbeba mbao, fundi anayepanda mapaa, dereva wa boda? Huyu ndiye mgumu zaidi, na ndiye tulio naye wengi. Mguu ni mtaji wake. Akikatika tena anakosa kula, si mechi. Lakini kidonda kikioza pia anakosa kula, na safari za kusafisha kidonda zinamgharimu. Kwake jibu linategemea mambo mawili: amewahi kiasi gani, na anaishi umbali gani na mtu wa kumwangalia kidonda na kumpa mazoezi. Akiwa ametibiwa mapema na hawezi kurudi kliniki mara kwa mara kwa ajili ya kidonda, hogo linaweza kumfaa. Ila hogo nalo lina masharti yake, mojawapo ni kutolikata nyumbani wiki ya tatu kwa sababu linawasha.

UKICHELEWA, MCHEZO UNABADILIKA

Namba zote nilizotaja za Norway na Canada ni za watu waliotibiwa mapema. Wale wa Canada waliingizwa wakiwa ndani ya siku 14 tangu waumie. Ukivuka wiki nne hadi sita, habari ni nyingine. Misuli ya kigimbi inakuwa imejikunja na kuivuta ncha ya juu, pengo linajaa kovu laini lisilo na nguvu. Hogo haliwezi kuziita ncha zirudi.

Hapo daktari anaingia kwenye upasuaji mkubwa zaidi. Pengo likiwa dogo anaweza bado kuzivuta na kuzishona. Likiwa kubwa kiasi, anakata sehemu ya juu ya kano kwa umbo la V na kuishona kwa umbo la Y ili irefuke, au anakunja kipande chake kuja chini kama mtu anayekunja mkanda. Pengo likizidi, anachukua kano ya kidole gumba cha mguu na kuihamishia kisiginoni ikafanye kazi ya Achilles. Zote ni tiba halali na watu wanatembea, wengine wanacheza. Lakini mchano ni mrefu, kidonda ni kikubwa, gharama ni kubwa, na nguvu haziwi zile za mwanzo.

Huko ndiko jirani yangu alikoangukia. Kwa mlio uliosikika na uwanja mzima, na kipimo cha sekunde kumi ambacho hakuna aliyekifanya.

MAZOEZI NDIYO DAKIKA 90

Iwe kisu au hogo, kilichobaki ni kile kile. Wiki mbili za mwanzo ni magongo na kuinua mguu. Kisha unyayo unaanza kurudishwa taratibu. Kati ya wiki ya sita na ya nane hogo au kiatu kinatoka. Baada ya hapo ni kusimama kwa vidole miguu miwili, halafu mmoja, halafu ngazi, halafu kukimbia taratibu kwenye mwezi wa tatu au wa nne. Mechi ni miezi sita hadi tisa, wengine mwaka.

Kosa la wachezaji wetu ni kuvuta kigimbi mapema. Mtu anaona mguu umekaza, anajinyoosha kwenye ukuta kila asubuhi, anafurahi umelegea. Kumbe kano imerefuka. Kano ndefu ni kama kamba ya upinde iliyolegea: unavuta, mshale hauendi. Atakimbia lakini hatachomoka tena. Kinachotakiwa ni nguvu, si kunyooka. Kipimo cha haki ni hiki: unaweza kusimama kwa vidole vya mguu mmoja, ukapanda na kushuka mara nyingi karibu sawa na mguu mzima? Kama bado, hujapona, hata kama kocha ana upungufu wa mawinga.

Na jambo moja la kuokoa maisha. Mguu uliofungwa wiki nyingi unaweza kugandisha damu, awe mtu kapasuliwa au hakupasuliwa. Kigimbi kikivimba na kuuma kupita kawaida, au kifua kikibana na pumzi kukata ghafla, usisubiri kliniki ya Jumatatu. Nenda usiku huo huo.

NANI ANALIPA?

Hapa ndipo mpira wetu unapaswa kujiuliza. Mchezaji akiumia akiwa na timu ya taifa, FIFA ina mpango wa kuilipa klabu mshahara wake jeraha likizidi siku 28. Staa wa Simba au Yanga akiumia, tunasoma kwenye magazeti amepelekwa nchi gani. Lakini wa madaraja ya chini je? Wambi hii iliwahi kuwa nyumbani kwa Kurugenzi ya Mafinga ilipokuwa Ligi Daraja la Kwanza. Lipuli ya Iringa ilicheza fainali ya Kombe la FA mwaka 2019 kule Lindi, ikafungwa na Azam 1-0, na mwaka uliofuata ikashuka daraja. Klabu ikishuka, mchezaji aliyeumia anashuka nayo, akiwa na magongo.

Mchezaji mwenye mkataba na mshahara ni mfanyakazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, upo kwa ajili ya anayeumia kazini. Kabla hujasaini, uliza: klabu imenisajili huko? Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Kwa wa ndondo na maveterani, ambao hawana mwajiri uwanjani, bima ndiyo klabu yao. Timu ya maveterani inayochangishana kununua jezi mpya kila msimu inaweza kuchangishana kuhakikisha kila mwanachama ana kadi. Jezi haikushoni kano.

Gharama nafuu kuliko zote ni ile ya kutokatika. Asubuhi na jioni za Mafinga, Juni hadi Agosti, baridi inakata. Watu wanafika wamechelewa, wanavua jaketi, wanaingia. Dakika 15 za kupasha mwili moto, na wakati wa wiki kusimama kwa vidole na kushuka taratibu kwenye ngazi, mara kadhaa kwa siku, zinaifanya kano izoee mzigo kabla ya Jumapili.

Jirani yangu alipasuliwa, ile ya kuhamisha kano ya kidole gumba. Sasa anatembea vizuri, mbao habebi tena, anasimamia hesabu ya mzigo getini. Jumapili anakuja Wambi kama kawaida. Kazi yake pale siku hizi ni moja: akianguka mtu bila kuguswa, yeye ndiye wa kwanza kuingia uwanjani, anamlaza kifudifudi, anaminya kigimbi. Wachuaji wamezoea kumsubiri amalize.